Tulienda Kuonja Brauni, Tukajifunza Kusoma Jina

Jumamosi tulishuka Umoja, hapa Nairobi, kwenye bekari mpya ambayo wenzetu wawili ofisini walikuwa wakiisifu wiki nzima. Kama hujawahi kuonja brauni, ni keki ya chokoleti isiyoumuka. Unga ni kidogo, siagi, kakao na sukari ni nyingi, kwa hivyo inatoka nzito, inakatwa vipande vya mraba na katikati inabaki laini kama haijaiva vizuri. Si queen cake, na wala si ile KDF ya kibandani, ingawa kwa umbo wanakaribiana.

Kipande kimoja ni shilingi 150, boksi la vipande sita ni 800. Foleni ilifika mlangoni.

Mbele yetu kulikuwa na kijana aliyetaka maboksi mawili ya birthday ya mtoto wa dadake. Akalipa kwa Till, akainua simu. "Sister, imeenda. Ona meseji hii." Dada wa kaunta akaangalia simu ya duka. Hakuna kitu. "Bado haijaingia, boss wangu. Tungoje kidogo."

Tukangoja. Nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika: si umpe aende, meseji si iko hapo? Dada hakubishana na mtu, lakini pia hakuachilia maboksi. Mwenye bekari akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akamwomba kijana jambo moja tu: asome jina lililo kwenye ule ujumbe.

Akasoma. Lilikuwa jina la hardware.

Ujumbe ulikuwa halali kabisa, na shilingi 1,600 zilikuwa zimetoka kweli, ila zilikuwa zimeingia kwa mtu mwingine. Kibandiko cha Till pale kaunta kilikuwa kimeshika mafuta, 3 ikaonekana kama 8. Na tukiri hapa: sisi tunaofanya kazi ya malipo kila siku tulikuwa tumeshaandika namba hiyo hiyo, na 8 yetu ndani.

Kabla hujakamilisha malipo, simu hukuonyesha jina la anayepokea. Wengi wetu tunalipita mbio kwa sababu foleni ni ndefu au matatu inapiga honi. Lisome, na kama hulitambui, muulize mwenye duka Till yake imesajiliwa kwa jina gani. Maduka mengine hutumia jina tofauti na lile la kwenye bango.

Ukishakosea, ripoti papo hapo. Kwa M-PESA, kwa mfano, ukituma pesa kwa mtu asiyefaa, unapeleka ule ujumbe wa malipo kwa 456. Pesa zikiwa bado hazijatumika, kuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa, mambo yanakuwa magumu. Na ukipigiwa na mtu anayesema atakusaidia kurudishiwa lakini kwanza umpe PIN, huyo ni mwizi. Kata simu.

Kwa wenye biashara, tulimpenda sana yule dada wa kaunta. Kuna watu huandika meseji bandia na kuionyesha kwa haraka haraka. Kuna wengine, kama kijana wetu, ambao hawana nia mbaya hata kidogo. Kwenye skrini ya mteja huwezi kuwatofautisha. Angalia simu yako mwenyewe, au salio lako.

Kijana alipiga simu huduma kwa wateja akiwa amesimama pale pale. Aliambiwa ombi limepokelewa na aliyepokea pesa atatafutwa. Tulipoondoka alikuwa hajarudishiwa. Mwenye bekari alimpa boksi moja, akaliandika kwenye daftari la madeni, la pili likarudi kwenye kabati.

Na brauni zenyewe? Juu zina ngozi nyembamba inayopasuka kama karatasi, ndani zinanata, na kuna chumvi kidogo inayoamsha chokoleti. Kwetu sukari ilizidi, mpaka tulipoletewa chai ya maziwa isiyo na sukari. Hapo zikakaa sawa.

Tukaagiza boksi la kwenda nalo ofisini. Wakati huo kibandiko kilikuwa kimebanduliwa, na namba imeandikwa upya kwa maka pen kwenye kipande cha katoni, tarakimu kubwa, jina la Till chini yake. Tukalisoma, tukaangalia simu, tukalisoma tena. Aliyekuwa nyuma yetu akauliza kama tumelala.