Hesabu za parokia ya mbali: mhasibu yuko mjini, sanduku liko Masisi au Walikale



Parokia nyingi za Masisi na Walikale zina mhasibu ambaye waamini hawajamwona kwa macho. Yeye anakaa Goma, Bukavu au Butembo, na sanduku la sadaka liko Nyabiondo, Mweso, Pinga au Mubi. Kila mwezi mweka-hazina wa parokia anatuma habari za pesa, mhasibu anaziandika katika vitabu, kisha ripoti inarudi kwa wazee wa kanisa na kwa wale wanaosaidia shule au kituo cha afya. Katika miji mikubwa ya dunia, kazi ya mbali inasifiwa kama jambo jipya la kompyuta. Kwetu ni jambo la siku zote, na linafanyika kwa daftari, simu na mtu wa pikipiki.

Tunapenda kueleza kazi hiyo inavyokwenda, maana maswali ni mengi. Pesa zikichelewa au hesabu isipolingana, neno la kwanza linalosikika katika mkutano ni "wamekula". Neno hilo likishatoka ni vigumu kulirudisha. Mweka-hazina mwaminifu anaacha kazi, waamini wanapunguza matoleo, na muuguzi wa kituo anangoja malipo ambayo hayafiki. Kwa hiyo hesabu nzuri ni njia ya kulinda watu, pamoja na kulinda pesa.

Kwa nini mhasibu yuko mbali

Walikale ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu. Njia ya kutoka Goma inapita Sake, Masisi-centre na Nyabiondo, lakini ni mbovu na vita vinaifunga mara kwa mara. Watu wengi wa Walikale huzunguka kwa upande wa Bukavu, kupitia Hombo. Kuna miaka ambapo ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe, pale Kilambo. Mhasibu aliyesoma kazi hiyo hawezi kuzunguka parokia zote kila mwezi, na parokia ndogo haiwezi kumlipa wake peke yake.

Mwaka 2025 umbali huo uliongezeka. Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari, na Goma mwishoni mwa mwezi huohuo. Benki za Goma zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Tarehe 19 Machi M23 waliingia Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Parokia iliyokuwa ikipokea pesa kupitia benki ya Goma ilibaki na simu tu: M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kupata pesa taslimu kwa wakala kukawa kazi ngumu, na ada ikapanda.

Hapo ndipo tulipoona wazi kwamba hesabu za mbali hazisimami juu ya benki wala juu ya kompyuta. Zinasimama juu ya watu wa pande mbili wanaothibitishiana.

Mizani mara mbili

Jambo hili si geni katika Maandiko. Katika Ezra sura ya 8 tunasoma habari za fedha na dhahabu zilizosafirishwa kutoka Babeli hadi Yerusalemu, safari ya miezi karibu minne, katika njia yenye maadui na wavizia. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari. Alifunga na kuomba, lakini hakuishia hapo. Aliwatenga wakuu 12 wa makuhani, akaipima mali mbele yao, akawaagiza wailinde mpaka itakapopimwa tena. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne, ilipimwa mara ya pili mbele ya makuhani na Walawi wengine, na uzito wote ukaandikwa.

Tazameni jinsi alivyofanya. Mali ilipimwa mwanzo wa njia na mwisho wa njia. Kila upande kulikuwa na watu kadhaa, hakuna aliyeachwa peke yake. Na maandishi yalifanyika saa ileile, bila kungoja kukumbuka baadaye. Kazi yote ya mhasibu wa mbali ni kurudia mambo hayo matatu.

Kazi inavyokwenda, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Sadaka inahesabiwa palepale baada ya ibada, na watu watatu: mweka-hazina, mzee mmoja wa kanisa, na mtu mmoja wa kikundi cha akina mama au cha vijana. Haitoshi kuandika jumla. Wanaandika noti ngapi za franka 500, ngapi za 1,000, ngapi za 5,000, za 10,000 na za 20,000, na dola zake kando. Wote watatu wanatia sahihi. Noti zikiandikwa hivyo, ni vigumu jumla kubadilishwa jioni.

Hatua ya pili ni daftari. Kila pesa inayoingia na kila pesa inayotoka ina nambari yake, inayofuata ile iliyotangulia. Daftari la risiti lenye karatasi ya kaboni linatosha: nakala moja kwa aliyetoa au aliyepokea, moja kwa parokia, moja kwa mhasibu.

Hatua ya tatu ni kutuma. Penye rezo ya simu, mweka-hazina anapiga picha ya kila hati na kuituma. Pasipo rezo, picha zinangoja siku ya kupanda kilima au siku ya soko. Nakala za karatasi zinafuata zinapopata mtu wa kuzibeba.

Hatua ya nne wengi wanaisahau: jibu la mhasibu. Mhasibu anayepokea picha na kunyamaza hajafanya kazi. Ni lazima aandike, kwa mfano: "Nimepokea nambari 41 hadi 58. Nambari 47 haisomeki. Jumla yangu ni hii." Jibu hilo ndilo mizani ya pili, na mweka-hazina alitunze kama anavyotunza risiti.

Hatua ya tano ni mwisho wa mwezi. Pesa zilizo ndani ya sanduku zinahesabiwa mbele ya wazee na kulinganishwa na baki la pesa taslimu katika daftari. Vilevile baki la simu linalinganishwa na ukurasa wake. Yasipolingana, tofauti inaandikwa siku ileile pamoja na sababu inayojulikana. Mweka-hazina asijaze pengo kwa pesa za mfukoni mwake ili kuficha aibu. Pengo lililoandikwa linaweza kutafutwa, lakini lililofichwa litakua.

Na namba ya simu inayopokea pesa iwe ya kanisa. Kama imesajiliwa kwa jina la mtu, wazee waandike hati inayosema kwamba pesa za namba hiyo ni za parokia, na mtu huyo aitie sahihi.

Pesa mbili, bei mbili

Fitina nyingi zinatoka katika kubadilisha franka na dola. Tuchukue mfano. Parokia ina sadaka ya franka 560,000. Mjini, mhasibu anahesabu dola moja kwa franka 2,800, na anangoja dola 200. Lakini katika soko la kijiji siku hiyo dola inauzwa franka 2,900, kwa hiyo mweka-hazina anapata dola 193 na senti 10. Karibu dola 7 hazionekani. Hakuna aliyeiba, lakini bila maelezo itaonekana kama wizi.

Dawa yake ni rahisi. Daftari liwe na safu mbili, ya franka na ya dola, na kila pesa iandikwe jinsi ilivyopokelewa. Siku ya kubadilisha, andikeni bei ya siku, mahali, na jina la aliyebadilisha, mbele ya shahidi. Ada ya wakala wa simu nayo iandikwe mstari wake peke yake. Kama wakala anadai zaidi ya ada inayoonekana katika ujumbe wa simu, mashahidi wawili waandike walichoona kikilipwa.

Mhasibu naye ana wajibu wa kujua habari za huko. Mwezi Machi 2025, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wa bati wa Bisie kwa ajili ya usalama. Mgodi ukisimama, soko linalala, na sadaka inaweza kushuka pamoja nalo. Mhasibu anayeona tarakimu tu atamshuku mtu. Apige simu kwanza, aulize soko lilikuwaje na nani wamekimbia.

Matumizi yasiyo na faktura

Mama anayeuza mihogo au kijana anayebeba mbao hana faktura. Parokia inaandika hati yenyewe: tarehe, kitu, kiasi, jina la muuzaji, sahihi yake au alama ya kidole gumba, na shahidi mmoja. Hati kama hiyo inakubalika kuliko faktura nzuri iliyonunuliwa mjini baadaye.

Lililo gumu zaidi ni bariere. Mwaka 2017, watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji walihesabu bariere 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, nyingine za askari wa serikali, nyingine za makundi yenye silaha. Msafiri analipa ili apite. Kisha mweka-hazina anauliza: niandike nini? Wengine wanaiingiza pesa hiyo ndani ya "usafiri". Tunasema wazi kwamba hiyo si hesabu. Mikataba mingi ya wafadhili inakataza kabisa pesa kufika kwa makundi yenye silaha, na siku uongo huo ukigunduliwa, mradi wote unaweza kusimamishwa. Swali hili halimpasi mweka-hazina peke yake. Viongozi wa kanisa waliamue kabla ya safari: je, safari ni ya lazima? Kuna njia nyingine? Mfadhili amearifiwa? Wakishaamua, kilichotokea kiandikwe kama kilivyotokea, katika barua kwa viongozi, na isibebwe njiani.

Mtu kabla ya hati

Uwazi una mipaka yake penye bunduki. Kiasi cha pesa na siku ya safari visiandikwe katika kundi la WhatsApp. Jumla ya sadaka isitangazwe wakati pesa bado ziko ndani ya nyumba ya mtu. Itangazwe zikishatumwa au kutumika. Simu zinaweza kukaguliwa njiani, kwa hiyo picha zifutwe mhasibu akishathibitisha kuzipokea. Mweka-hazina ana haki ya kukataa kubeba pesa siku anayoona njia ni mbaya, na hakuna ripoti iliyo ya haraka kuliko uhai wake.

Parokia ikikimbia, swali la kwanza la mhasibu liwe: mko wazima? Hesabu zitafuata. Watu watatu waliokuwepo wataandika hati ya tukio: nini kilibaki, nini kiliporwa, lini. Na hapo umbali unageuka kuwa msaada. Daftari la kijijini likichomwa, nakala iliyo mjini inabaki. Kiasi cha mwisho kilichothibitishwa na mhasibu ndicho msingi wa kuanzia tena, na mweka-hazina hataitwa mwizi kwa sababu ya pesa zilizochukuliwa na wengine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona mali ikipotea, lakini habari ikabaki, na jina la mtu likaokoka.

Sheria inasemaje

Kongo ilijiunga na OHADA mwaka 2012. Tangu tarehe 1 Januari 2024, nchi za OHADA zina kanuni maalum za hesabu za mashirika yasiyotafuta faida, zinazoitwa SYCEBNL, na makanisa yamo. Parokia zisiogope jina hilo. Kwa mashirika madogo kuna utaratibu mwepesi unaotegemea pesa zilizoingia na zilizotoka. Parokia inayofanya hatua tano tulizoeleza imekwisha kumpa mhasibu sehemu kubwa ya anachohitaji. Vitabu na hati vitunzwe miaka 10.

Waamini wafanye nini

Msingoje fitina ndipo muulize. Kila miezi mitatu, waulizeni wazee maswali matatu: ni nani watatu waliohesabu? Mhasibu amejibu? Tofauti ilikuwepo, na imeandikwa wapi? Ulizeni kwa upendo, mbele ya wote. Na mkiwa na mweka-hazina anayepanda kilima kutafuta rezo ili nambari 47 isomeke, mshukuruni. Mwombeeni kwa jina, pamoja na mhasibu asiyeonekana, ili Bwana awalinde njiani kama alivyowalinda wale wa siku za Ezra, na kila kilichotolewa kifike kizima mahali kilipokusudiwa.