Sayansi ikisemwa kwa luga ya soko

Moto wa pori unazimwa namna gani? Uliza mlimaji yeyote wa Djugu ao wa Irumu, atakujibu palepale: humwangi maji juu ya moto wenyewe, unafyeka majani pande zote, moto unakosa chakula. Ukielewa ile, umekwisha kuelewa chanjo ya Ebola ilitumiwa namna gani hapa kwetu. Mgonjwa ndiye moto. Wanaochanjwa ni wale waliomgusa, kisha wale waliowagusa wao.

Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, ukaingia Ituri, ukafika mpaka Bunia. Ulipotangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3 470 walikuwa wameupata, na 2 287 walikufa. Watu zaidi ya 300 000 walichanjwa.

Lakini tunakumbuka vizuri maneno ya wakati ule: « Ebola ni biashara. » Watu walikuwa wameona vita miaka mingi bila musaada, na siku moja magari mapya yakajaa barabarani. Hata swali la sindano lilikuwa swali la akili: « Munatuchoma kirusi ili kirusi isitupate? Namna gani? »

Jibu liko, na halihitaji Kifaransa kigumu. Wataalamu walichukua kirusi kingine, cha ugonjwa wa ngombe na farasi. Walikivua shati lake, wakakivalisha shati la Ebola. Shati tu, si mwenye shati. Askari wa mwili wetu wanalisoma lile shati, wanalikariri. Siku Ebola yenyewe inabisha mlangoni, wanaijua mbele haijaingia. Joto linalokuja kisha sindano ni askari wanaofanya mazoezi.

Na dawa je? Ile hadisi ni yetu. Mwaka 1976, munganga Jean-Jacques Muyembe alienda Yambuku, ugonjwa haujapata hata jina. Mwaka 1995 alikuwa Kikwit. Kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit, wataalamu walipata mbegu ya dawa inayoitwa mAb114. Dawa ile, na ingine moja, zilijaribiwa huku mashariki tangu Novemba 2018. Agosti 2019 matokeo yakaonekana: kati ya wagonjwa 10 waliofika mapema, virusi bado kidogo mwilini, karibu 9 walipona. Wangapi walibaki nyumbani kwa sababu hakuna aliyewaambia vile kwa luga ya nyumbani?

Kwa hiyo kueleza vizuri si mapambo. Ni sehemu ya dawa. Bunia tuko na vyombo: Redio Candip, ya ISP, ilizaliwa kwa kazi ya kufundisha. Na mada haziishe. Mufano ni tauni, inayorudi mara kwa mara upande wa Aru na Mahagi. Panya wakikufa ovyo ndani ya nyumba, usiwashike kwa mkono: viroboto wanahama maiti, wanatafuta damu ingine, na damu ile ni yako. Mtoto akisikia hivyo mara moja, hasahau.

Ndugu waganga, walimu, wanafunzi wa iniversite: mama wa soko akiuliza, musimcheke. Mukae, mumujibu. Na akiuliza tena, mufurahi: ndipo sayansi inaanza.