Wimbo wa kununua na lawama za muuza simu

Muuza simu wa Tibirinzi, Chake Chake, hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Mteja huja na wimbo alioulipia zamani akiwa Uingereza, akautia kwenye simu mpya ya Android, nao ukagoma kulia. Simu ni nzima. Kasoro imo kwenye faili.

Duka la iTunes la Apple lilipofunguliwa Marekani Aprili 2003 liliuza wimbo kwa senti 99 za dola. Lakini faili hilo, lenye mwisho wa .m4p, lilifungwa lisilie ila kwenye vifaa vilivyoidhinishwa. Kufuli liliondolewa mwaka 2009. Faili za .m4a zilizofuata hulia kwenye Android bila taabu, na MP3 hulia hata kwenye kitochi chenye nafasi ya kadi. Basi muuzaji aulize kwanza: wimbo ulinunuliwa lini?

Nyimbo za ada ya mwezi ni kodi ya nyumba, si ununuzi. Malipo yakikatika zinanyamaza, hata zilizokwisha kupakuliwa.

Kujaza kadi nyimbo za watu huleta fedha za haraka, ila hakimiliki Zanzibar ina sheria yake tangu 2003, na chombo chake, COSOZA. Kwa mtaji mdogo, kadi tupu, chaja na spika ni salama zaidi.

Wenye jicho la hisa wakumbuke Mdundo ya Kenya, iliyoingia soko la Copenhagen Septemba 2020. Wasikilizaji wake walipakua nyimbo bure; mapato yalitegemea zaidi matangazo.