Ruta Chini ya Meza, Pambo Kwenye Mlango

Fremu ya mlango ikishasimamishwa, pembeni yake hubaki mwanya. Fundi huujaza plasta, anapiga rangi, anaondoka. Mbao inapokauka na kujikunja, ufa mwembamba hujichora palepale plasta ilipokutana na fremu. Dawa yake ni ya siku nyingi: mbao nyembamba za pambo zinazoizunguka fremu juu na kandoni, zikaufunika mwanya wote.

Madukani zinapatikana tayari, ila mitindo ni michache, na zile za unga wa mbao ulioshindiliwa huvimba zikilowa maji. Mwenye ruta, mashine ya kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka, anaweza kujichongea zake uani.

Ruta ikiwa mkononi, mashine ndiyo hutembea juu ya mbao. Kwenye ubao mwembamba kitako chake hakina pa kukaa, huyumba na kuharibu kazi. Ndiyo maana hugeuzwa kichwa chini, ikafungwa chini ya meza, kisu kikachungulia kwenye tundu. Hapo mbao ndiyo inayosukumwa. Meza yenyewe si ghali: plaiwudi ya mm 18, na ubao mmoja ulionyooka wa kuongozea, uliochongwa nafasi ya kisu katikati na kubanwa kwa klampu mbili.

Kabla ya kuwasha chochote, kalamu na karatasi. Tuseme uwazi wa mlango una kimo cha mm 2,100 na upana wa mm 900, na pambo litakuwa na upana wa mm 70, likirudi nyuma mm 5 kutoka ukingo wa fremu. Kila mguu utakuwa na urefu wa mm 2,175, na kipande cha juu mm 1,050. Ubao wa inchi 1 kwa 6 wenye futi 12 ukichongwa kingo zote mbili kisha ukapasuliwa katikati, hutoa miguu miwili na vipande viwili vya juu. Kwa hiyo mbao mbili zinatosha mlango mzima, ndani na nje. Kuchonga kwanza na kupasua baadaye kuna faida nyingine: vidole hukaa mbali na kisu, kwa kuwa ubao mpana hushikika vizuri.

Mbao iwe kavu. Mninga hupendwa kwa fremu kwa sababu hausinyai sana. Paina ya Sao Hill, kule Mufindi, ni nafuu na huchongeka kirahisi, lakini vifundo vyake huweza kung'oka kisu kinapopita.

Kufunga kisu kuna siri ndogo. Mpini wake huingizwa mpaka mwisho, halafu hurudishwa nje kama mm 3 ndipo nati ikazwe. Ukiachwa umegota chini, huenda usibanwe sawasawa. Kisu kipana, cha mm 50 hivi, kiendeshwe taratibu, karibu mizunguko 12,000 kwa dakika, ingawa mashine nyingi hufika 24,000.

Ukiitazama meza kutoka juu, kisu huzunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo mbao husukumwa kutoka kulia kwenda kushoto, ili ikabiliane na meno. Ukisukuma upande wa pili, kisu huinyakua na kuirusha. Na kamwe isipitishwe kati ya kisu na ubao wa kuongozea. Kosa hilo halina mjadala. Umbo lote lisichongwe kwa mkupuo mmoja: mapito mawili au matatu, la mwisho likikwangua kidogo tu. Mkono usisite njiani, maana pale mbao inaposimama kisu huiunguza, na alama hiyo nyeusi hula msasa mwingi.

Barakoa si mapambo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masikio nayo yazibwe.

Kinachowatoa wengi jasho ni kona. Pembe za nyuzi 45 hufungana vizuri mezani, zikifika ukutani zinaachana, kwa kuwa kuta chache zimenyooka. Mafundi wengine hukwepa vita hiyo: kila kona huwekwa kipande cha mraba, kinene na kipana kidogo kuliko pambo, na mbao hukatwa wima zikagota kwacho. Michoro haikutani popote, hivyo fremu iliyopinda nyuzi moja haionekani.