Kitabu Kisichorudishwa

Katika duka moja la vitabu vya mitumba mjini Berkeley, California, niliulizia kitabu, nami nikarudishiwa swali: "Cha kwako kaondoka nacho nani?"

Mama mwenye duka, ambaye umri wake umevuka miaka sabini na aliyeomba jina lake lisiandikwe, aliuliza kwa dhati. Wengi wanaokitafuta kitabu hicho, anasema, walishakuwa nacho. Walimwazima rafiki, rafiki akahama mji, kitabu kikapotelea huko. "Vitabu vingine watu wananiletea nivinunue. Hiki hawaniletei. Wanakuja kutafuta kingine badala ya kile."

Ni The Electric Kool-Aid Acid Test cha Tom Wolfe, kilichotoka mwaka 1968. Habari yake wengi wanaijua. Ken Kesey, aliyeipata LSD kwa mara ya kwanza alipojitolea kufanyiwa majaribio ya dawa kwa malipo katika hospitali ya askari wastaafu ya Menlo Park, anatoa riwaya ya One Flew Over the Cuckoo's Nest mwaka 1962 na kupata jina na fedha. Anajikusanyia kundi linalojiita Merry Pranksters. Mwaka 1964 wananunua basi kuukuu la shule, la mwaka 1939, wanaondoka California kuelekea New York wakiwa na dawa hiyo kwenye friji, na sheria haiwagusi, kwa sababu California haikuipiga marufuku hadi Oktoba 1966. Kisha zinakuja sherehe zao za usiku kucha, bendi ya Grateful Dead, polisi, Mexico na jela.

Kilichonikaa rohoni ni jambo aliloniletea yule mama mezani. Mbali na kuuza, anatengeneza vitabu vilivyochakaa: anashona kurasa, anabadilisha migongo, anapaka gundi mpya. Gundi ya vitabu vya jalada laini hukauka kadiri miaka inavyokwenda, na mgongo hupasuka pale palipofunuliwa mara nyingi kuliko pengine. Alichukua nakala tatu za kitabu hiki zilizokuwa zikingoja matengenezo, kila moja ya mtu wake. Akaisimamisha ya kwanza kwa mgongo wake juu ya meza, akaiachia. Ikafunguka yenyewe. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili, na ya tatu. Zote zilifunguka ndani ya safari ya basi.

"Kitabu kina kurasa mia nne na ushee," alisema. "Wanaishi humu."

Nilizisoma kurasa hizo nikiwa nimesimama. Anayezijua nganya za Nairobi, zile matatu zilizorembwa, atalielewa basi lile upesi: rangi kali hazikubakiza nafasi, spika zimefungwa nje na ndani, jukwaa limejengwa juu ya paa. Zaidi ya hapo walitega maikrofoni ili kelele za barabarani ziingie, zichanganywe, zirudishwe tena nje kwa wapita njia. Kwenye usukani yuko Neal Cassady, yule yule ambaye Jack Kerouac alimgeuza mhusika mkuu wa On the Road, anaendesha huku akiongea bila kituo. Sentensi za Wolfe nazo zinakwenda kwa mwendo wake. Anarundika alama za uandishi, anapandisha sauti, anakata neno njiani, anaingia kichwani mwa dereva na kutokea kichwani mwa abiria. Unafika chini ya ukurasa ukiwa umechoka kama uliyesafiri.

Wolfe hakuwamo kwenye basi hilo. Kwa mwandishi wa habari kama mimi, hilo ndilo linaloniacha hoi. Alikutana na Kesey mwaka 1966, miaka miwili baada ya safari, Kesey akiwa jela huko Redwood City. Wolfe alikuwa mwanahabari wa New York mwenye shahada ya udaktari kutoka Yale, mtu wa suti nyeupe na tai. Safari aliijenga kwa mahojiano, kwa filamu na kanda walizojirekodi wenyewe, na kwa barua ambazo Kesey, akiwa mafichoni Mexico, alimwandikia mwandishi mwenzake Larry McMurtry. Mwanahabari Hunter S. Thompson alimpa kanda za sherehe ya genge la Hells Angels nyumbani kwa Kesey, La Honda.

Mama wa duka haoni ajabu. "Waliokuwepo ukiwauliza, wanakwambia ungekuwepo ungeelewa. Basi, mazungumzo yameishia hapo. Yeye hakuwepo, kwa hiyo ilibidi aulize kila kitu ambacho ningeuliza mimi. Nani alilala wapi? Maikrofoni ilifungwa wapi? Ndiyo maana na sisi tuliozaliwa nje ya lile basi tunapata kiti." Yeye mwenyewe alikuwa msichana wa hapa hapa wakati huo. "Sikupanda. Wateja wa rika langu karibu wote wananiambia ilibaki kidogo wapande."

Halafu akanionyesha ile nakala ya tatu kwa karibu. Msomaji fulani alikuwa amechora mstari mwembamba wa penseli pembeni mwa kurasa, ukiifuata safari, haukatiki, unashuka ukurasa hadi ukurasa kama barabara kwenye ramani. Ulipofika Houston, Texas, ukakoma. Kurasa zilizofuata hazikuwa na alama yoyote.

Houston ndipo walipofikia nyumbani kwa McMurtry. Mmoja wa wanawake wa kundi, ambaye dawa ilikuwa imekwishamvuruga akili njiani, alishuka uchi kutoka kwenye basi akamkumbatia mtoto mdogo wa mwenyeji, akidhani ni mwanawe. Akaishia kulazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Basi likaendelea na safari.

Wolfe hakulificha jambo hilo, limo. Lakini amempa mwanamke yule jina la utani linalochekesha, na mwendo wa sentensi ni ule ule wa mbio, na kabla hujameza mate uko New Orleans. Nimerudi kwenye kurasa hizo mara nyingi na kila mara nimebebwa. Uandishi huo mzuri ulimtendea nini yule mama aliyekuwa akimtafuta mwanawe? Kama Wolfe angesimama naye hospitalini kwa sura nzima, kuna ambaye angekipenda kitabu hiki kiasi cha kukinunua mara ya pili?

Nilimuuliza mama wa duka kama mstari ule wa penseli ulisimama kwa uchungu, au msomaji alipitiwa na usingizi tu. Alinyamaza kwanza, akiilainisha kona ya ukurasa kwa kidole. "Mwenye nacho hajaja kukichukua," alisema. "Na akija sitamuuliza."

Ana mjukuu anayeingia chuo mwaka huu, na amemwekea vitabu viwili: hiki, pamoja na Prime Green, kumbukumbu za Robert Stone zilizotoka mwaka 2007. Stone aliwajua watu wale tangu mwanzo na basi lilimkuta New York. Anaandika kwa upendo, ila anahesabu pia hasara. Nilitaka kujua kijana aanze na kipi.

"Aanze na Wolfe," alijibu papo hapo. "Kwanza apande."