Usanifu wa Tovuti za Maktaba na Tabia za Neno la Kiswahili

1.0 Utangulizi

Msomaji wa maktaba ya chuo kikuu siku hizi hukutana na tovuti ya maktaba kabla ya kukutana na jengo lake. Mwalimu anayetayarisha somo la ushairi huandika neno katika kisanduku cha kutafutia, na yale yanayotokea mbele yake ndiyo, kwake yeye, maktaba nzima. Akiambiwa kwamba hakuna kilichopatikana, huondoka akiamini kuwa maktaba haina kitu, hata kama kitabu anachokitaka kimo rafuni. Kwa hiyo usanifu wa tovuti si suala la rangi na picha pekee, bali ni suala la kitabu kuonekana au kutoonekana.

Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni tano za taaluma ya ukutubi. Ya nne kati ya hizo inamtaka mkutubi aokoe muda wa msomaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kanuni hiyo haiwezi kutimizwa kwa msomaji wa Kiswahili iwapo mfumo wa utafutaji umejengwa kwa kufuata tabia za lugha nyingine. Tutaanza na umbo la neno, kisha tutaangalia tahajia na anwani za vitabu, halafu lugha ya mada. Mwishoni tutapendekeza hatua ambazo wakutubi na wanaisimu wanaweza kuzichukua kwa pamoja.

2.0 Fahirisi na Mwanzo wa Neno

Fahirisi ya kompyuta, kama ilivyokuwa fahirisi ya kadi, hupanga maneno kuanzia herufi ya kwanza. Mpangilio huu unaifaa lugha ambayo mabadiliko mengi ya maneno yake hutokea mwishoni. Katika Kiingereza umoja na wingi wa nomino nyingi huanza kwa herufi zilezile, hivyo mtafutaji akiandika mwanzo wa neno na kuweka alama ya nyota mbele yake, hupata maumbo yote kwa mara moja. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha utaratibu wa kunyofoa viambishi tamati vya Kiingereza ili maneno ya shina moja yahesabiwe kuwa kitu kimoja. Taratibu za aina hiyo zimetumika sana katika mitambo ya utafutaji.

Nomino ya Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni. Tuchukue mfano wa maneno haya: shairi, mashairi, mshairi, washairi, ushairi, kishairi. Yote yana kiini kimoja, lakini katika fahirisi yametawanyika chini ya herufi S, M, W, U na K. Mwalimu anayeandika «ushairi» hatapata kitabu ambacho anwani yake ina neno «mashairi», na alama ya nyota haitamsaidia, kwa kuwa herufi anazotaka ziachwe wazi ziko mwanzoni. Mifumo mingi ama hairuhusu nyota mwanzoni mwa neno, ama huifanya kazi hiyo kwa taabu, maana huilazimu kupitia fahirisi nzima.

Tatizo hili si geni kwa wanaleksikografia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya maneno mengi ya mnyambuliko chini ya mzizi wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, kwa upande wake, iliziingiza nomino pamoja na viambishi vyake vya umoja. Kila utaratibu una faida na hasara zake. Hata hivyo, mtumiaji wa kamusi anaweza kufungua ukurasa mwingine akaangalia, ilhali mtumiaji wa tovuti huona tu kile ambacho mfumo umekubali kumwonyesha.

Je, suluhisho ni kuiamuru kompyuta inyofoe kila kiambishi awali? La hasha. Neno «wasiwasi» huanza kwa wa-, lakini si wingi wa kitu chochote. «Vita» si wingi wa «kita». Na «meza» likiondolewa m- hubaki kipande kisicho na maana. Unyofoaji wa kijumla utachanganya maneno yasiyohusiana, na mtafutaji atapewa orodha ndefu isiyomfaa. Kinachohitajika ni orodha ya maneno iliyotayarishwa na watu wanaoijua lugha.

3.0 Tahajia na Anwani Zenye Sura Nyingi

Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilifanya kazi kubwa ya kusanifisha tahajia. Hata hivyo, maktaba huhifadhi maandishi ya kabla na baada ya wakati huo, pamoja na matini za lahaja mbalimbali. Mfano mzuri ni utungo wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Wako wanaouita utendi, kwa kufuata lahaja za kaskazini, na wako wanaouita utenzi. Jina la mtunzi nalo huandikwa ama kwa maneno mawili, ama kwa neno moja: Mwanakupona. Aidha, toleo la Alice Werner na William Hichens la mwaka 1934 lilichapishwa kwa anwani ya Kiingereza. Mwanafunzi aliyefundishwa umbo moja tu anaweza kukosa matoleo yote yaliyoorodheshwa kwa maumbo mengine.

Majina ya waandishi yana mkasa kama huo. Shaaban Robert anaweza kutafutwa kwa kuanza na Shaaban, Shaban au Robert. Mshairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji, hana jina la ukoo kwa maana ya Kizungu, wala hakuna sababu ya kumlazimisha msomaji amtafute chini ya «Haji».

Iko pia alama ndogo ambayo huleta usumbufu mkubwa, nayo ni ritifaa. Katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo, ritifaa ni sehemu ya tahajia na huwakilisha sauti maalumu. Lakini kompyuta inazo alama zaidi ya moja zinazofanana na ritifaa, iliyonyooka na iliyopinda, na huzihesabu kuwa herufi tofauti. Mkutubi akiandika moja na msomaji akaandika nyingine, mfumo usiotayarishwa hautazikutanisha. Mfumo mwingine huweza hata kuligawa neno hilo katika vipande viwili.

4.0 Lugha ya Mada na Lebo

Mkutubi hukipa kitabu vichwa vya mada ili kipatikane hata pale ambapo anwani yake haitaji jambo linalozungumziwa. Maktaba nyingi hutumia vichwa vya Maktaba ya Bunge la Marekani, ambavyo vimeandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha methali huwekwa chini ya «Proverbs, Swahili». Mwalimu anayeandika «methali» atapata tu vitabu vyenye neno hilo katika maelezo yake, na kile chenye anwani ya kifasihi kitabaki kimefichika.

Hali kadhalika, mfumo wa uainishaji wa Dewey huipa fasihi ya Kiswahili namba 896.392, na tamthilia 896.3922. Namba hizo humfaa mpangaji wa rafu, lakini hazimwambii msomaji lolote. Ukurasa wa mwanzo unapaswa kumwonyesha maneno ya taaluma yake, kama vile riwaya, tamthilia, tenzi, vitendawili. Lebo za jumla kama «rasilimali za kielektroniki» nazo humwachia msomaji kazi ya kubahatisha. «Majarida», «tasnifu» na «mitihani iliyopita» huonyesha mara moja kilichomo.

5.0 Nini Kifanyike?

Kwanza, turejeshe hekima ya katalogi ya kadi. Katalogi hiyo ilikuwa na kadi za «tazama» na «tazama pia», zilizomhamisha msomaji kutoka umbo moja la jina hadi jingine. Muundo wa MARC, uliobuniwa katika miaka ya 1960 chini ya uongozi wa Henriette Avram, una nafasi ya kazi hiyo: uga wa 246 huhifadhi sura nyingine za anwani, na rekodi za majina huhifadhi sura nyingine za jina la mwandishi. Nafasi hizo zijazwe kwa Kiswahili.

Pili, mitambo ya utafutaji kama Solr na Elasticsearch hupokea orodha ya maneno yanayopaswa kuchukuliwa kuwa sawa. Idara za Kiswahili zinaweza kutayarisha orodha ya maneno ya fani zake, yaani umoja na wingi, tahajia za lahaja, pamoja na visawe vya mada za Kiingereza. Orodha hiyo ianze na maneno ambayo wasomaji wenyewe huyaandika bila kupata jibu. Kumbukumbu za mfumo huweza kuonyesha maneno hayo, nazo zitumike bila kufichua nani aliyatafuta.

Tatu, ukurasa usio na majibu usiishie kwenye kauli ya «hakuna». Ueleze kwamba herufi zilizoandikwa hazikulingana na chochote, kisha upendekeze maumbo mengine na njia ya kumfikia mkutubi.

Nne, maandishi yaliyopigwa picha yasomwe kwa programu ya kutambua herufi, kwa kuwa picha tupu ya ukurasa haitafutiki kwa neno. Ukubwa wa faili utajwe kabla ya kupakuliwa, maana anayetumia simu hulipia kila anachokipakua.

Tano, tovuti ijaribiwe na walimu na wanafunzi. Jakob Nielsen alishauri mwaka 2000 kwamba watu 5 katika kila awamu hutosha, mradi kasoro zirekebishwe na jaribio lirudiwe. Wapewe kazi halisi, kwa mfano kutafuta matoleo ya utenzi wa Mwana Kupona, na msanifu awatazame bila kuwaelekeza. Pale wanapokwama ndipo penye kazi.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba tovuti yaweza kupendeza macho na bado ikamfungia msomaji wa Kiswahili nje, kwa sababu inasubiri neno lianze kwa herufi ambayo halianzi nayo. Hasara yake haimpati msomaji peke yake. Kitabu kisichotafutika hakiazimwi, na kisichoazimwa huonekana hakihitajiki wakati wa kugawa fedha za ununuzi. Isitoshe, mtafiti asiyekiona huweza kuandika kwamba mada yake haijawahi kushughulikiwa. Msanifu wa tovuti peke yake hawezi kuliondoa tatizo hili, wala mkutubi peke yake. Maarifa ya ngeli, ya lahaja na ya tahajia yamo katika idara zetu, na ni wajibu wetu kuyafikisha maktabani.