Kwa nini simu hunyamaza kati ya Lodwar na Kakuma

Na MWANDISHI WETU

MADUKA ya simu mjini Lodwar hayana upungufu wa bidhaa. Simu za mulika mwizi zimepangwa kando ya zile za skrini ya kugusa, na mwenye duka huuza pia laini, chaja na betri, huku akiwa wakala wa M-Pesa. Ukifika Kakuma, kilomita zipatazo 120 kaskazini magharibi, utazikuta bidhaa hizo hizo katika vibanda vya Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Waturkana wenyewe. Kisichouzwa katika duka lolote kati ya haya ni mawimbi. Mnunuzi hulipia kifaa mjini, akaondoka nacho kurudi kwao, na baada ya mwendo mfupi barabarani kifaa hicho hugeuka kuwa tochi.

Zamani hiyo ilikuwa kero ya msafiri tu. Tangu Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, simu imekuwa mkoba wa fedha, na katika kaunti ya Turkana imekuwa pia kadi ya chakula. Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa wakimbizi wa Kakuma sehemu ya mgao wao kwa njia ya simu, katika mpango ulioitwa Bamba Chakula. Kila familia ilipewa laini; thamani ya mgao iliingia humo, nayo familia ikanunua unga, maharagwe au mboga kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Mtandao ukizimika siku ya malipo, mama aliyesimama mbele ya kaunta hakuwa na la kufanya ila kungoja, ijapokuwa chakula kilikuwa mbele ya macho yake.

Yafaa kukumbuka kwamba wapo walioliona tatizo hilo mapema. Mpango wa HSNP, ulioanza kuzilipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir mwaka 2009, ulitumia kadi na alama za vidole kupitia mawakala wa benki ya Equity. Mpokeaji hakuhitaji kuwa na simu, wala kuishi karibu na mnara.

Je, kwa nini mawimbi hukatika? Wengi hudhani mnara ukishasimama, sauti huenda popote kama ya redio. Sivyo. Redio husema tu, haisikilizi. Simu sharti ijibu. Mnara una nguvu nyingi na umeinuliwa juu, lakini simu iliyo mkononi ina betri ndogo na nguvu hafifu. Ndiyo maana msafiri anaweza kuona alama za mtandao kwenye skrini, akapiga, na simu isitoke: simu yake inausikia mnara, mnara hauisikii simu.

Kuna mpaka mwingine usiojulikana na wengi. Katika mfumo wa 2G, ambao ndio unaotumiwa na mulika mwizi, simu nyingi hushiriki masafa mamoja kwa kupeana zamu za sehemu ndogo mno za sekunde. Jibu la simu likichelewa, huangukia zamu ya mwingine. Kwa sababu hiyo mnara wa kawaida hauwezi kuhudumia simu iliyo mbali kupita kilomita 35, hata pasipo kilima cha kuzuia. Hebu tupige hesabu. Mnara wa Lodwar ukifikia kilomita 35 na wa Kakuma vivyo hivyo, jumla ni 70, na kilomita 50 hivi za barabara zitabaki bila mwenyewe. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kwa hakika mawimbi huishia karibu zaidi, kwa kuwa ardhi ina mabonde na vilima. Mifumo ya 3G na 4G, hasa inapotumia masafa ya juu, huishiwa nguvu mapema kuliko 2G. Basi simu ya bei kubwa inayosifiwa dukani kwa kasi ya intaneti yaweza isimfae mfugaji aishiye mbali na mji kuliko ile ya bei rahisi yenye betri ya kudumu siku nne.

Wakazi wa miji mikubwa nao hulijua tatizo hili kwa sura nyingine. Jijini London, ambako treni za chini ya ardhi zilianza safari mwaka 1863, abiria waliendelea kukatikiwa na simu zao miaka mingi baada ya simu za mkononi kuenea. Intaneti ya Wi-Fi iliwekwa katika vituo kuanzia 2012, na mawimbi ya 4G yakaanza kupatikana ndani ya mahandaki ya sehemu ya njia ya Jubilee mnamo Machi 2020. Huko kizuizi ni udongo. Dawa yake ni kutandaza handakini waya maalumu unaovujisha mawimbi kidogo kidogo katika urefu wake wote. Ni kazi ya gharama, lakini chini ya ardhi ile hupita mamilioni ya watu walio na simu mfukoni, na gharama hurudi.

Turkana haina udongo juu ya kichwa cha msafiri. Ina anga wazi, na kizuizi kiko katika daftari la mhasibu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 68,000. Yaani watu wasiozidi 14 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao huhama na mifugo. Kampuni hujenga pale ambapo wapigaji ni wengi. Utafiti uliofanyiwa Mamlaka ya Mawasiliano mwaka 2016 ulionyesha kwamba mawimbi ya 2G yaliwafikia asilimia 94.4 ya Wakenya, lakini yalifunika asilimia 45 tu ya ardhi ya nchi. Matangazo hupenda takwimu ya kwanza. Mtu wa Turkana huishi ndani ya ile ya pili.

Ili kuziba pengo hilo, sheria iliyorekebishwa mwaka 2009 iliunda Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia kutokana na mapato yao. Kutokana na mfuko huo, awamu ya kwanza ya ujenzi katika maeneo yaliyosahaulika ilikabidhiwa Safaricom na Telkom Kenya. Hata hivyo, kusimamisha mnara ni nusu ya kazi. Mnara hula umeme mchana na usiku. Nguvu za bwawa la Turkwel, lililoko mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, zilipelekwa Lessos tangu lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 1991, huku Lodwar ukiachwa na jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Mnara ulio nyikani hutegemea dizeli inayosafirishwa kwa lori, au jua na betri, na betri hupenda kuibwa.

Aidha, mnara hausemi peke yake. Sharti uunganishwe na mingine, mara nyingi kwa mawimbi yanayorushwa kutoka mlingoti hadi mlingoti kwa mstari ulionyooka, kila mmoja ukimwona mwenzake. Ukizimika mmoja wa katikati, ile inayoutegemea hunyamaza yote, hata kama ina mafuta tele. Hii ndiyo sababu hitilafu iliyotokea mbali sana huweza kufunga biashara ya Kakuma nzima. Mkongo wa faiba uliozikwa pamoja na ujenzi mpya wa barabara kuu ya kwenda Sudan Kusini hupunguza hatari hiyo. Lakini mkongo hauongei na simu. Usipowekewa minara kando yake, msafiri hupita juu yake bila kujua.

Kuna hali nyingine, nayo huwatatanisha wengi. Mtandao upo, alama zimejaa, na bado fedha hazitoki. Kufikia mwaka 2024, Kakuma na makazi jirani ya Kalobeyei yalikuwa na wakimbizi wanaokaribia 300,000. Malipo yakitumwa kwa maelfu yao saa moja, zamu za mnara hujaa kama foleni ya kisima. Soko lenyewe si dogo: utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) uliotolewa 2018 ulikuta biashara zaidi ya 2,000 kambini.

Kwa mkimbizi, kizuizi cha kwanza huja hata kabla ya mawimbi. Usajili wa laini ulianza nchini mwaka 2010, na mgeni hutakiwa kuonyesha pasipoti au kitambulisho cha mgeni. Aliye na karatasi ya kungojea tu hurudishwa. Matokeo yake, wengi wametumia laini zilizosajiliwa kwa jina la rafiki au jirani aliye Mkenya. Siku simu inapopotea, laini mpya hutolewa kwa mwenye jina, na kama mwenye jina amehamia Eldoret au hapokei tena, akiba iliyomo humo hubaki imefungwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imetambua haki ya mkimbizi kupata kitambulisho, lakini haki iliyoandikwa na kadi iliyoko mkononi ni vitu viwili, na kati yake huweza kupita miezi mingi.

Wauzaji wa simu wanayajua haya kuliko mtu yeyote. Aliye mwaminifu humuuliza mteja anakaa wapi kabla ya kumuuliza ana shilingi ngapi. Wa Kakuma mjini humwonyesha simu ya 4G; anayerudi kwa mifugo humpa simu ya laini mbili na betri nzito, kisha humshauri atoe fedha taslimu kabla ya kupanda gari, kwa sababu wakala wa mbele anaweza kuwa na noti za kutosha na asiwe na mtandao wa kumtolea.